Chikungunya na Pipa la Maji

Ndugu zangu, chikungunya ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na jina lake ni la huku kwetu. Limetokana na Kimakonde, kwa maana ya kukunjamana, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea amepinda. Ugonjwa huu ulielezwa kitabibu kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Kule juu maji ni ya shida. Watu waliyafuata mbali, wakayaweka nyumbani mitungini, na mbu wakazaliana humohumo ndani. Lamu 2004 mambo yalijirudia: ukame, maji ya kuhifadhi, na damu ilipopimwa baadaye ilionekana kiasi cha robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kwa hiyo msisubiri masika ndipo muogope mbu.

Chukua tochi umulike pipa lako kwa ndani, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukiona vidoa vyeusi vimeng'ang'ania ukutani, vidogo kuliko ufuta, hayo ni mayai ya Aedes aegypti, mbu mwenye mistari myeupe miguuni. Jike huyabandika kwenye unyevu wa ukuta, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakusaidii: ukilijaza tena, maji yakiyafikia yale mayai, yanaanguliwa. Lazima usugue kwa brashi ngumu hadi kwenye ukingo, usuuze, kisha maji ya kusuuzia uyamwage mchangani penye jua. Fanya hivyo kila wiki, kwani kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku 7 hadi 10. Kifuniko kilichopinda ni sawa na hakuna. Afadhali kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira wa tyubu.

Sasa mgonjwa. Mara nyingi homa hupanda ghafla siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa na mbu. Vidole, vifundo vya mikono na vya miguu huuma pande zote mbili, hata kufunga kifungo cha shati asubuhi kunamshinda. Kipimo cha malaria kikionyesha hana, asimeze dawa mseto ya malaria kwa kubahatisha. Mgonjwa aliye mtu mzima apewe parasetamoli za miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na maji ya kunywa kwa wingi. Aspirini na diklofenaki, ambazo watu hukimbilia dukani, azikwepe mpaka daktari aseme si dengi, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu huyuhuyu, maana dengi ikichanganyika na dawa hizo huweza kuleta kutokwa damu. Maumivu ya viungo huweza kubaki kwa miezi, hasa kwa wazee, wasidhaniwe wanadeka.

Jambo moja husahaulika sana. Wiki ya kwanza virusi vimejaa kwenye damu, na mbu huyu huuma mchana. Basi mgonjwa alale ndani ya chandarua hata saa nne asubuhi, ili mbu asimuume yeye kisha akamuume jirani.