Ghorofa za Amazon Seattle, na Neno Langu kwa Wapangaji wa Kampala

Habari zenu, ndugu zangu. Wa Kampala, wa Jinja, wa Bombo, wa Gulu, na nyumbani kwetu Arua, nawasalimu nyote. Wazee wangu, nawaamkia. Leo nimewaleta Seattle, Marekani, mjini kati, barabara ya 7, mahali ambapo wengi mmeniomba nifike na kamera.

Tazameni hapa. Hizi nyumba tatu za vioo, za mviringo, ni za Amazon, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni. Zilifunguliwa Januari 2018, na ndani yake mna mimea zaidi ya 40,000 iliyoletwa kutoka misitu ya milimani ya nchi nyingi. Ghorofa ile ndefu iliyo nyuma yake ni yao pia. Na ile ya ng'ambo ya barabara. Na mkiteremka kuelekea ziwani, mtakuta nyingine mtaa baada ya mtaa. Jirani hapa kuna kibanda wanachogawa ndizi mbivu bure kwa kila apitaye, awe mfanyakazi wao au asiwe. Walianza mwaka 2015. Kwa sisi tuliokua na ndizi uani, kuona watu wa ofisini wanapanga foleni kwa ajili yake kunafurahisha moyo.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: kampuni kama hizi zitakuja lini kwetu, zipande juu pale Nakasero, kilima cha maofisi cha Kampala, vijana wetu wapate kazi? Swali ni zuri, na mimi pia natamani siku hiyo. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize leo, kwa sababu mji huu umeipitia safari hiyo yote, na yapo mambo ambayo Kampala ingeyashika mapema isingelia baadaye.

Amazon haikuzaliwa kwenye vioo hivi. Jeff Bezos aliianzisha mwaka 1994 katika gereji ya nyumba huko Bellevue, mji ulio ng'ambo ya Ziwa Washington. Kwa miaka mingi ofisi zao kuu zilikuwa katika jengo la zamani la hospitali juu ya kilima cha Beacon. Desemba 2007 ndipo walipotangaza kwamba watahamia hapa chini, eneo linaloitwa South Lake Union.

Eneo hilo lilikuwa la maghala, gereji na wauza magari. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuligeuza kuwa bustani kubwa ya umma. Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, akakopesha dola milioni 20 za kununulia viwanja. Wananchi wakapiga kura mwaka 1995, mpango ukakataliwa. Wakapiga tena 1996, ukakataliwa tena. Viwanja vikabaki kwa Allen, na kampuni yake ya Vulcan ikaendelea kununua vya jirani. Basi Amazon ilipotafuta nafasi, ilimkuta mwenye ardhi mmoja wa kukaa naye mezani. Mwaka 2012 ikanunua majengo 11 kwa mara moja, kwa takriban dola bilioni 1.16.

Mnaoijua ardhi ya Kampala mnaona tofauti hapo. Kwetu kiwanja kimoja kina mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi, kina mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima juu ya ardhi hiyo bila hati, na juu yake kuna wapangaji wa vyumba na wa maduka. Mkubwa akija, wa kwanza kuitwa mezani ni mwenye hati. Mpangaji anapata habari siku mabati ya kuzungushia ujenzi yanapofika.

Kufikia 2017 Amazon yenyewe ilitangaza kwamba hapa Seattle ina majengo 33, futi za mraba milioni 8.1, wafanyakazi zaidi ya 40,000. Hiyo ni kama viwanja 100 vya mpira vilivyobebeshwa kimoja juu ya kingine. Na walifanya jambo moja ambalo nalisifu: ofisi zao haziwapi wafanyakazi wote chakula cha bure ndani, kama zinavyofanya baadhi ya kampuni za teknolojia za California. Saa sita mchana watu wanatoka nje kula. Ndiyo maana chini ya ghorofa mnaona migahawa, mikahawa ya kahawa, magari ya chakula yamejipanga kando ya barabara. Chakula cha Kihabeshi kipo, cha Kihindi kipo. Mtu mwenye sufuria na bidii alipata pa kusimama. Fikirieni akina mama wa chakula wa Kampala na vijana wa rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ofisi ya watu elfu kumi ikifunguka mbele yao saa saba mchana!

Lakini Machi 2020 ugonjwa wa Covid ukaja na wafanyakazi wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Barabara hii ikawa tupu. Amazon ilitoa dola milioni 5 kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa jirani, na baadhi walisalimika, ila wengi walifunga. Watu walianza kurudishwa siku tatu kwa wiki Mei 2023, na siku zote tano Januari 2025. Kisha Oktoba 2025 kampuni ikatangaza kupunguza kazi 14,000 za ofisini duniani kote. Mwenye mgahawa hapa anasoma habari za kampuni kama mkulima anavyotazama mawingu. Masoko yetu ya Kampala, Kikuubo na Owino, hayajawahi kumtegemea mteja mmoja hivyo. Mnunuzi wa Congo asipokuja, wa Sudan Kusini yupo. Naomba watu wa mipango ya mji wasiyaone masoko hayo kama uchafu wa kuondolewa.

Sasa nije kwenye pango, yaani kodi ya nyumba, maana hapo ndipo panaponiuma. Wahandisi waliokuja kwa maelfu walikuja na mishahara mikubwa, na nyumba hazikujengwa kwa kasi ile ile. Pango likapanda, na watu wakasukumwa nje. Waafrika Mashariki wengi mnaowaona kwenye video zangu wanaishi Tukwila, SeaTac, Kent, kusini huko, na wanakuja mjini alfajiri kwa treni kufanya usafi, ulinzi, kutunza wagonjwa. Mimi ni mmoja wao. Novemba 2015 jiji na kaunti walitangaza hali ya dharura kwa ajili ya watu wasio na makazi. Januari 2018 walipohesabu kaunti nzima walikuta 12,112. Siwezi kusema Amazon peke yake ndiyo chanzo, nitakuwa naidhulumu. Sheria za hapa zilizuia kwa miaka mingi nyumba za familia nyingi kujengwa katika sehemu kubwa ya jiji, na hayo ni ya wenyeji wenyewe.

Sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hiki ndicho nilichotaka mkijue leo. Mwaka 2018 baraza la jiji lilipanga kutoza kampuni kubwa ushuru kwa kila mfanyakazi, pesa ziende kwenye makazi. Kabla hata kura haijapigwa, Amazon ikasimamisha mipango ya ghorofa moja mpya, na ikasema inafikiria upya jengo jingine lililokuwa tayari linapanda. Mafundi wa ujenzi wakaogopa kazi zao, wakaandamana kuupinga ushuru. Tarehe 14 Mei madiwani wote tisa wakaupitisha, dola 275 kwa mfanyakazi kwa mwaka. Tarehe 12 Juni baraza lile lile likaufuta. Haukufikisha mwezi mmoja!

Mnaona nguvu ya ghorofa?  Kampuni ilisimamisha mipango ya ujenzi, na mji mzima ukatetemeka, kwa kuwa kufikia hapo wajenzi, wenye migahawa, wenye nyumba, wote riziki yao ilikuwa imefungwa pale. Siku ile ya 2007 kampuni ilipokuwa bado inatafuta mahali, baraza lilikuwa na neno. Miaka kumi baadaye neno lilikuwa limehama.

Halikuhama lote, nashukuru. Julai 2020 baraza lilipitisha ushuru mwingine, ulioandikwa kwa uangalifu zaidi: ulipoanza ulizihusu kampuni zilizolipa mishahara ya jumla ya zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka, na ulihesabiwa kwa mishahara ya wanaopata zaidi ya dola 150,000 tu. Mwaka wake wa kwanza uliingiza zaidi ya dola milioni 200. Na mwaka huo huo wa 2020, ndani ya jengo la ofisi la Amazon, lilifunguliwa kimbilio la familia zisizo na makazi, orofa nane, nafasi ya watu 200 kwa usiku, linaloendeshwa na shirika la Mary's Place. Nililipita asubuhi nikaona mtoto na begi la shule akitoka mlango mmoja, na wahandisi wakiingia mlango wa pili. Jambo hilo linawezekana, nimeliona kwa macho yangu.

Kampala tuna sheria tayari. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema pango lisipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inataka mkataba wa kuanzia shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Pango lihesabiwe kwa shilingi, isipokuwa mkataba useme vingine. Hilo la mwisho lishikeni sana, kwa kuwa ofisi za Nakasero na Kololo zimezoea kutajwa bei kwa dola, na siku kampuni ya kigeni itakapochukua orofa kumi kwa dola, mwenye jengo la jirani atataka na wewe wa duka la simu ulipe hivyo hivyo. Kama umepanga kwa maneno ya mdomo, hiyo asilimia 10 utaidai kwa karatasi gani?

Wala msiniambie mambo haya ni ya Marekani. Mwaka 2011 nyumba za Naguru na Nakawa zilibomolewa, familia zaidi ya 1,700, kwa ahadi ya mji mpya wa kisasa. Miaka ikapita na uwanja ukiwa majani. Familia zile zilikubaliana na nani, kwa maandishi yapi, kabla ya tingatinga kuingia?

Nawaomba basi. Diwani wako wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, akija kuomba kura, muulize kuhusu sheria hii ya 2022 na ni wapi mpangaji anapeleka malalamiko yake. Vijana wa programu za kompyuta, nanyi mnaweza kudai mambo yenu. Intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na hakuna kampuni itakayoweka watu elfu moja mahali ambapo kazi inaweza kuzimwa kwa siku kadhaa. Semeni hilo kwa sauti, mkiwa na adabu, kwa wabunge wenu. Na wewe dada yangu mwenye saluni pale Wandegeya, mwenye nyumba akifika mwisho wa mwezi kuchukua pango lake, mwambie kwa heshima, "Mzee, tuandikiane."

Wiki ijayo nitavuka ziwa niwapeleke Bellevue. Baada ya mvutano huu wote wa ushuru, Amazon iligeukia huko na kuahidi ajira 25,000. Nataka niulize wapangaji wa kule wameambiwa nini. Haya, kaeni salama, nisalimieni nyumbani.