Bunduki ya Upepo na Risasi Aliyoichagua Mdhamini

Mabibi na mabwana, nianze na namba mtakayoikuta imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya bunduki za upepo zinazouzwa Marekani: futi 1,200 kwa sekunde. Mara nyingi si uongo. Ila iliyopimwa ni risasi nyepesi ya aloi (mchanganyiko wa metali), greni 5 hivi; greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi. Pakia ya kawaida ya greni 8, ambayo mnunuzi ataitumia kila siku, na kwa nishati ileile kasi inashuka hadi karibu futi 950. Tena hiyo ya 1,200 imeshapita kasi ya sauti, na risasi ikifika huko huanza kuyumba. Shabaha kwaheri.

Sasa mchambuzi wa bidhaa, yule anayezijaribu kwenye video, katumiwa bunduki bure na kampuni. Kipima kasi kipo mezani, kamera inawaka. Atapakia risasi ipi? Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa wala hahitaji kudanganya. Anachagua risasi, anatuonyesha karatasi yenye matundu matano yaliyobanana, karatasi nyingine zinaishia jalalani.

Sheria zipo. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilirekebisha mwongozo wake mwaka 2009 na tena 2023: uhusiano na kampuni utajwe mahali ambapo mtazamaji hawezi kuukosa. Kwenye video, utajwe ndani ya video yenyewe, usitupwe kwenye maelezo ya chini ambayo wachache huyafungua. Na bidhaa ya bure inahesabika, hata kama hukupokea senti.

Vizuri. Lakini "video hii imedhaminiwa" siku hizi inatamkwa haraka haraka kama salamu ya mtu mwenye mgeni mlangoni, kisha mambo yanaendelea. Mwongozo haumlazimishi mtu kutaja uzito wa risasi.

Kwa hiyo mimi nikitazama, nadai mengine. Bunduki ilinunuliwa dukani, au kampuni iliichagua yenyewe kabla ya kuituma? Kampuni iliiona video kabla yetu? Matundu kumi mfululizo yako wapi, pamoja na lile lililotoka nje kabisa? Jina na uzito wa risasi viandikwe kwenye skrini, na umbali utajwe kwa mita, maana kwa mita 10 hata bunduki ya wastani huonekana hodari. Haya yote hayamgharimu mchambuzi kitu, isipokuwa pengine bunduki ijayo ya bure.