Bundi Aliyetoweka na Shorwe wa Mipapai Yetu

Wazee wangu, walimu na ndugu zangu wa Tanga, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nataka tutafakari kwa nini ndege mmoja hutoweka duniani na mwingine akashamiri, na nimechagua kumlinganisha bundi mchekaji wa New Zealand, ambaye wa mwisho kuthibitishwa aliokotwa akiwa amekufa mwaka 1914, na shorwe wetu, huyu mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayetoboa mapapai kabla hatujayachuma.

Bundi yule alikuwa na uzito wa takriban gramu 600, na shorwe hafikishi hata gramu 60. Kwa hiyo, kama nguvu za mwili ndizo zingeamua, mambo yangekuwa kinyume. Bundi huyo alitaga mayai yake, aghalabu mawili, katika nyufa za miamba, mingine ikiwa ya mawe ya chokaa kama haya ya mapango ya Amboni, na baadhi ya mawindo yake aliyakamata ardhini. Humo nyufani alitapika mabonge ya mifupa na manyoya, ambayo yamewawezesha wataalamu kutambua mijusi, vyura na ndege waliokuwepo zamani, nami nayahesabu kuwa hazina kubwa. Maisha hayo yalikuwa salama kwa sababu nchi ile, kabla ya kufikiwa na binadamu, haikuwa na mnyama anyonyeshaye wa nchi kavu isipokuwa popo. Kisha walowezi walileta paka, na katika miaka ya 1880 wakaleta makusudi wanyama wembamba wa jamii ya kicheche ili wapunguze sungura waliowaleta wao wenyewe. Mnyama wa namna hiyo hupenya ufa mwembamba, na bundi anayelalia mayai hana pa kukimbilia.

Shorwe, kwa upande wake, amezaliwa katikati ya maadui. Akimwona nyoka kwenye mwarobaini hupiga kelele mpaka wenzake wakusanyike na kumzingira. Hula matunda na wadudu, na hujenga kiota chake hata katika bustani zetu.

Hata hivyo, wingi wake usitudanganye kuhusu hali ya misitu ya Amani, kwa sababu shorwe huridhika na shamba lililofyekwa, ilhali bundi mkubwa wa Usambara anategemea msitu wa milimani, na huyo ndiye tunayepaswa kumfuatilia.