Mgonjwa Anapomfundisha Mgonjwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua yupo aliyeamka saa kumi alfajiri ili vidole vipate muda wa kulegea kabla ya kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo nitazungumza nimekaa, na anayetaka kusimama ajinyooshe asiombe ruhusa.

Naishi na baridi yabisi mwaka wa kumi na nne sasa. Ilianza kwenye vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kulia. Daktari wa kwanza aliniambia ni uchovu, nikakaa na huo uchovu mwaka mzima. Nilipoanza matibabu kidole kimoja kilikuwa kimeshapinda, na ndicho hiki mnachokiona.

Jina lenyewe limetuponza. Tukisikia "baridi" tunadhani dawa yake ni sweta. Hali ya hewa inaweza kumfanya mtu ahisi maumivu zaidi, lakini haileti ugonjwa huu, na wala ugonjwa wenyewe si mmoja. Kuna ule wa gegedu kulika, gegedu ikiwa ni ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao. Kuna rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa kiungo. Huo haungoji uzee. Kuna jongo, linalotokana na chembe za asidi ya yuriki. Hata watoto wana aina zao. Matibabu yanatofautiana, kwa hiyo tafadhali, kidonge cha jirani kibaki kwa jirani. Kiungo kikivimba, ukawa unaamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, nenda ukapimwe. Kwa rumatoidi, dawa zikianza ndani ya miezi mitatu ya dalili, viungo vina nafasi kubwa zaidi ya kuokoka.

Sasa nije kwenye chama chetu cha wagonjwa. Mtu huuliza: kama hospitali zipo, chama cha nini?

Tazameni Uingereza. Mwaka 1936 liliundwa baraza la kuchangia utafiti, na mwaka 1947 kikaanza chama cha kuwahudumia wagonjwa wenyewe. Viliungana mwaka 2017, na tangu 2018 vinaitwa Versus Arthritis. Fedha za ule mkono wa utafiti zilisaidia taasisi ya London ambako watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha kwamba kuzuia protini iitwayo TNF kunatuliza uvimbe wa rumatoidi. Wagonjwa wa kwanza walipewa tiba hiyo mwaka 1992. Kuna watu wanaotembea leo kwa sababu ya hilo.

Lakini moyo wangu uko kwenye ule mkono wa pili, wa kuwahudumia wagonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianzisha mafunzo ya kujitunza, na waliofundisha wengi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wenye baridi yabisi. Mwaka 1993 yakatoka matokeo ya waliofuatiliwa kwa miaka minne: maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40. Sikilizeni hili vizuri: ulemavu wao ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Ugonjwa uliendelea na safari yake, na bado watu waliumia kidogo kuliko mwanzo. Lorig na wenzake waliona kwamba kilichohusiana zaidi na nafuu hiyo ni mtu kuamini kuwa hali yake anaimudu.

Nimeyaona hayo kwenye simu yetu ya ushauri. Mama mmoja alipiga kuuliza kuhusu methotreksati, dawa ya rumatoidi, kama kweli inamezwa mara moja tu kwa wiki. Nikamwambia ndiyo, mara moja kwa wiki, si kila siku, na asikose vipimo vya damu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Nimeshindwa kumwinua mwanangu." Hilo ndilo lililomfanya apige. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia, nikamweleza nilivyokuwa nikimpokea wangu: nakaa kwanza, mtoto anapanda mwenyewe mapajani, namkumbatia kwa mikono mizima, si kwa viganja. Tulizungumza dakika arobaini. Wiki iliyofuata alipiga tena, safari hii kuuliza mafunzo yanaanza lini.

Basi tuanze. Mbele ya kila mmoja kuna chupa yenye kifuniko. Iweke juu ya kitambaa chenye unyevu isiteleze. Vidole viache kabisa. Laza kiganja juu ya kifuniko, kandamiza, kisha zungusha kwa nguvu ya bega. Polepole. Aliyekwama anyooshe mkono, nakuja.