Mafuta ya Samaki Hayamnenepeshi Mtoto Tumboni

Shikamooni wazee, habari zenu ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie lishe ya mjamzito kwa jumla, lakini nitaanzia kwenye vidonge vya mafuta ya samaki, maana huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Dada anakuja kliniki na mimba ya miezi saba. Nafungua kadi yake: wingi wa damu 8, damu ni pungufu. FEFO je, vile vidonge vya kuongeza damu? “Zinanichefua, nimeacha.” Lakini mkobani ana kopo la vidonge vya mafuta ya samaki. Dukani kaambiwa mtoto atakua. Hela ya kopo lile ingemlisha mboga mwezi mzima!

Sasa sisemi mafuta haya ni uongo. Kuna visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, wenyewe ni watu wa samaki kama sisi. Miaka ya 1980 watafiti waliona watoto wa kule wanazaliwa wazito, na mimba zao zinakaa siku nyingi kuliko za Denmark. Mtafiti Olsen na wenzake wakaenda kulipima jambo hilo mjini Aarhus, Denmark, wakachapisha mwaka 1992. Wajawazito 533, kuanzia wiki ya 30: wengine mafuta ya samaki, wengine ya zeituni, wengine hawakupewa kitu. Wa samaki wakakaa na mimba siku 4 zaidi ya wa zeituni, na watoto wao wakazidi gramu 107.

Muuzaji anakushikisha hizo gramu 107 anaishia hapo. Mimi nawaomba mshike zile siku 4. Mtoto akikaribia kuzaliwa huongezeka kama gramu 200 kwa wiki. Pigeni hesabu wenyewe: siku 4 ni gramu mia moja na kitu. Mafuta yale hupunguza kemikali za mwili zinazoamsha uchungu. Uchungu ukichelewa, mtoto anabaki ndani akiendelea kula. Alichoongezewa ni muda.

Na muda si kitu kidogo, aliyewahi kulea njiti anajua. Mwaka 2018 yalijumlishwa majaribio 70 ya mafuta haya, wanawake karibu 20,000: wanaojifungua kabla ya wiki 34 walishuka kutoka 46 hadi 27 kwa kila 1,000. Lakini watoto waliodumaa tumboni, wadogo kuliko umri wa mimba yao, hawakupungua. Wangepunguaje? Huyo kondo la nyuma limejaa vijidudu vya malaria, au mama hana damu, au presha iko juu. Dawa yake ni chandarua, vidonge vya SP vya kukinga malaria, FEFO na kupimwa presha. Ukichefuka na FEFO, meza usiku baada ya kula. Usiache!

Najua mtasema: basi tumeze vyote viwili. Australia waliyajaribu mafuta hayo kwa wanawake zaidi ya 5,500, majibu yakatoka 2019, tofauti ya kujifungua kabla ya wiki 34 haikuonekana. Faida inaelekea kumwangukia yule ambaye mwilini mwake mafuta hayo ni haba.

Na sisi wa Kigoma tuwe na uhaba huo kwa lipi, na ziwa liko hapo? Dagaa wanashushwa mwaloni Kibirizi alfajiri, jioni wamo kwenye magunia ya Dar, na mjamzito anakula ugali na sombe, yaani kisamvu. Mtaniambia sombe ina mawese. Mawese ni mazuri, yanasaidia vitamini A, ila mafuta tunayoyasema hayamo. Baba mwenye nyumba, kabla hujauza, toa fungu la mkeo. Mama mkwe, usimwambie mkamwana samaki watamkuza mtoto ashindwe kutoka. Na mchague dagaa: aliyeanikwa juzi anang’aa fedha. Aliyegeuka manjano na kunuka ukali, mafuta yake yameshachacha.

Nakimbia sasa, muda umekwisha. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine kabisa: yana vitamini A nyingi, na ikizidi inamharibu mtoto, hasa mimba ikiwa changa. Someni kopo, au mlilete tulisome pamoja.

Halafu kupitiliza: katika yale majaribio 70, waliovuka wiki 42 walipanda kutoka 16 hadi 26 kwa kila 1,000. Kwa hiyo anayemeza asiache kuhesabu tarehe zake. Mwenye swali aulize.