Mkono Kwanza: Kipanya, Kibodi na Padi ya Gemu Kama Ala za Muziki

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya watayarishaji wa muziki na wanafunzi wa kompyuta)

Asanteni. Mlioko nyuma sogeeni, viti vya huku mbele ni vitupu na leo nataka muone mkono wangu, maana nusu ya mhadhara iko mkononi.

Pure Data wengi wenu mnaijua, sitaanza na visanduku na nyuzi zake. Aliyeisikia leo kwa mara ya kwanza amuulize jirani yake. Ni programu ya bure, aliyeianzisha ni Miller Puckette mwaka 1996, na muziki unauchora kwa kuunganisha visanduku kwa nyuzi badala ya kuandika mistari ya maagizo. Inatosha. Nilichokuja kusema nimekwisha kukisema kwingine, na waliokwisha kunisikia wanivumilie, maana bado sijaona mabadiliko. Ala mnayoitafuta mnayo mezani. Ni hicho kipanya, hiyo kibodi, na ile padi ya gemu ambayo ndugu yako mdogo ameitupa chini ya kitanda.

Vijana wananijia: "Mwalimu, naweka pesa kidogo kidogo ninunue kidhibiti cha MIDI, kile cha vitasa na vibonye vya muziki, kisha nitaanza." Kisha! Namuuliza, kipanya chako kinatuma namba gani? Hajui. Padi yako ina mihimili mingapi, yaani mielekeo ambayo vijiti vinasogea, na kila mhimili unaanzia wapi na kuishia wapi? Hajui. Sasa utanunua kifaa kingine ili usijue na hicho? Sina ugomvi na MIDI, lugha ya ala za kielektroniki. Imetuhudumia tangu 1983 na itaendelea. Lakini kitasa cha kawaida cha MIDI kinakupa 0 hadi 127, yaani ngazi 128. Kijiti cha padi ya kawaida kinakupa 0 hadi 255, na joistiki nyingi za mezani zinafika 1023. Kile ulichokidharau kina ngazi nyingi kuliko kile unachokiwekea pesa.

Karibu vifaa hivi vyote vinazungumza kwa utaratibu mmoja, HID (Human Interface Device, yaani kifaa cha kutumiwa na mkono wa mtu), uliokuja pamoja na USB miaka ya tisini. Uzuri wake ni kwamba kifaa kinajieleza chenyewe. Ukikichomeka, kinaiambia kompyuta: nina vibonye kumi na viwili, nina mihimili minne, kila mhimili unatoka hapa hadi pale. Ndiyo maana padi isiyo na jina, uliyoiokota kwenye rundo la vyuma soko la Kibuye, inafanya kazi bila kutafutiwa programu ya kuiendesha. Pure Data ina kisanduku cha kuongezea kinachoitwa hid, alichotutengenezea Hans-Christoph Steiner. Wenzetu wa Max, programu nyingine ya aina hii, wana chao, hi. Kazi ni ileile: unafungua kifaa, unapokea namba.

Mtu ataniuliza, mbona Pure Data ina kisanduku cha key kinachosoma kibodi, HID ya nini? Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa mambo. Kisanduku cha key kinapokea herufi baada ya mfumo wa kompyuta kuzipitia. Ukichomeka kibodi mbili, mfumo unazichanganya zikawa moja. Ukichomeka vipanya viwili, vinagombania kishale kimoja. Lakini ukishuka hadi kwenye HID, hasa kwenye Linux, kila kifaa kina mlango wake. Kipanya cha kulia ni kimoja, cha kushoto ni kingine, havijuani. Mikono miwili, sauti mbili.

Sasa tuje kwenye kipanya. Hapa nitakaa, mwenyekiti anisamehe.

Kipanya hakijui kiko wapi. Kinachotuma ni hatua tu: kulia tatu, juu moja, kulia tano. Kishale mnachokiona kwenye skrini ni hesabu ya mfumo, umejumlisha hatua hizo ukachora. Ndiyo maana kishale kikifika ukingoni kinagoma, ilhali mkono bado una safari. Ukisoma HID, ukingo haupo. Unaweza kuvuta kulia mpaka uanguke mezani, namba zitaendelea kuja.

Nani hapa ameketi karibu na mpiga orutu? Mikono juu. Vizuri. Uzi mmoja na uta mmoja. Uta ukisimama, sauti inakatika. Uta ukikaza mwendo, sauti inapanda nguvu. Mpigaji hawezi kuweka uta mahali fulani kwenye uzi akaenda kunywa chai huku muziki ukiendelea. Sauti inamdai juhudi kila sekunde. Kipanya nacho kinatuma mwendo. Hakuna kifaa cha bei hiyo kinachofaa zaidi kuwa uta, na sisi tunakitumia kubofya faili!

Fanyeni hivi. Chukueni hatua za kulia na kushoto, zipitisheni kwenye abs ili hasi iwe chanya, gawanyeni mpaka ziwe kati ya 0 na 1, pelekeni kwenye line~, kisanduku kinachosogeza namba polepole, kwa milisekunde 20 ili sauti isiruke ngazi kwa ngazi, kisha zidisheni na sauti yoyote mliyo nayo. Ukivuta, inatoka. Ukivuta kwa nguvu, inanguruma. Kijana anafurahi, anasimamisha mkono, na sauti inaendelea kulia. Anakitoa hata kidole mezani, bado inalia. Anasema programu ni mbovu, anaifunga, anarudi kuweka pesa za MIDI.

Programu si mbovu. Kipanya kilichosimama hakitumi sifuri. Kinanyamaza. Ujumbe wa mwisho ulikuwa, tuseme, 14, na Pure Data itaishikilia hiyo 14 mpaka iambiwe vingine. Wewe ndiwe wa kuiambia. Weka kisanduku cha delay, yaani cha kusubiri, chenye milisekunde 30. Kila hatua inayoingia inaianzisha delay upya, kwa hiyo mkono ukiendelea kutembea delay haimalizi kamwe. Mkono ukisimama, milisekunde 30 zinapita, delay inatoa bang, yaani ishara ya "fanya sasa", bang inagonga ujumbe wa 0, na line~ inaiteremsha sauti hadi kimya kwa milisekunde 80.

Itazameni hiyo 80. Iweke 400, na sauti inabaki hewani baada ya mkono, kama ukumbi wa kanisa. Iweke 10, inakatika kavu. Hujagusa sauti yenyewe hata kidogo, umegusa namba moja kati ya mkono na spika, na una ala nyingine kabisa. Hapo ndipo mtengenezaji wa ala anapofanya kazi. Usiku mzima ukiutumia kwenye namba hiyo pekee hujaupoteza. Kijana anayepakua sauti mpya elfu moja na kuzifunga kwenye vibonye, kibonye kimoja sauti moja, hajatengeneza ala. Ametengeneza swichi za taa.

Najua kuna mzee hapa anafikiri: kwa nini usipige orutu yenyewe? Mzee wangu, anayeweza kuipiga na aipige, na tumlipe. Sitaki kipanya kimfukuze mtu jukwaani. Ninachotaka ni uta wa kuvutia sauti zisizo na uzi. Rekodi injini ya boti ufukweni Dunga alfajiri, iweke kwenye jedwali, uisome kwa kisanduku cha tabread4~, na hatua za kipanya ziamue ni sehemu gani ya rekodi inasomwa na kwa kasi gani. Utaisugua injini ile mbele na nyuma, itaimba, itakoroma, itasimama. Hakuna ala ya mababu iliyowahi kufanya hivyo, na hakuna kibonye kitakachokufanyia, maana kibonye kinajua kuanza na kukoma tu.

Kuna la kuchelewa. Wapiga ngoma wanalileta kila mara: "USB inachelewa." Tupige hesabu. Kipanya cha kawaida huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Pure Data yenyewe inapika sauti kwa mafungu ya sampuli 64, yaani vipimo vidogo vya sauti, ambayo kwa 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde moja na nusu. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 8 ni sawa na ngoma iliyo umbali wa mita tatu kasoro. Wapiga isukuti, ngoma za Waluhya, wakisimama mbali kuliko hapo bado wanachezesha harusi nzima. Unaona kuchelewa? Fungua mpangilio wa sauti. Bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kutoka, umeiacha kwenye milisekunde 50, na hizo ni mita 17. Umemweka mpiga ngoma wako nje ya geti halafu unalaumu kipanya.

Haya, miguu. Nyatiti ina nyuzi nane kwa mikono, lakini mpigaji ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mwili wa ala, ana njuga mguuni, na juu ya hayo anaimba. Mtu mmoja, kazi nne, na wote tumekulia tukiona ni jambo la kawaida. Kisha tunaketi mbele ya kompyuta na kutumia kidole kimoja cha shahada! Nunua kibodi kuukuu ya pili, iweke sakafuni, vua kiatu. Kile kibonye kirefu cha nafasi kinaweza kukanyagwa bila kutazamwa. Nilieleza kwamba HID inazitenganisha kibodi mbili, basi ya chini iwe ya mguu, ya juu iwe ya vidole, na kipanya mkono wa pili. Na msiniambie inaonekana vibaya jukwaani. Hadhira inapoona mguu unagonga na sauti inatoka palepale, inaelewa. Inapomwona mtu ameinamia skrini mwanga umempiga usoni, inadhani anajibu barua pepe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Kibodi za bei nafuu zina ugonjwa. Vibonye vimefungwa kwa safu mlalo na safu wima. Ukibonyeza vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili wa nyaya hizo, umeme unaonyesha pembe ya nne nayo imebonyezwa, kwa hiyo kibodi huamua kukinyamazisha kibonye cha tatu. Wewe unadhani umekosa pigo. Pimeni kabla ya kutunga: bonyezeni mnavyotaka kucheza, tazameni namba, na mkikuta vinavyogombana hamisheni. Shift, Ctrl na Alt kwa kawaida vimetengwa, vitumieni kwa kushikilia sauti ndefu.

Padi: kijiti kilichochakaa hakirudi katikati. Badala ya kutulia kwenye 128 kinazurura 119, 134. Wekeni eneo tuli, chochote kati ya 115 na 141 kihesabiwe katikati. Na msipeleke kijiti moja kwa moja kwenye Hz. Mkigawanya 110 hadi 880 kwa usawa, katikati ya safari ni 495, kwa hiyo nusu ya chini imebeba oktavu mbili na zaidi (oktavu moja ni Hz kuzidishwa mara mbili), nusu ya juu haifiki hata moja. Kidole hakitajifunza hilo kamwe. Pitisheni kwenye mtof, kisanduku kinachogeuza namba ya noti ya MIDI kuwa Hz: 57 ni 220, 69 ni 440, 81 ni 880, na kila oktavu inapata nafasi yake sawa.

Nilitaka kusema juu ya simu na OSC, utaratibu wa kutuma namba za muziki kwa mtandao, na kwa nini ishara moja ya mkono inafaa kugusa nguvu, rangi na kimo cha sauti kwa pamoja, lakini hilo la pili mtaligundua wenyewe mkikaa na uta wa kipanya, maana mkono ukikaza mwendo mtataka sauti ing'ae pia, siyo ipande nguvu tu. Pelekeni namba ileile kwenye kichujio.

Kompyuta ziko kwenye meza ya dirishani, vipanya ni viwili viwili. Zote ni Linux. Mkirudi nyumbani na kwenu pia ni Linux, jiongezeni kwenye kundi la watumiaji linaloitwa input, tokeni kwenye akaunti kisha mwingie tena. Mkiacha hatua hiyo kifaa hakitawapa namba hata moja, na mtaitupa padi nzima mkidhani imekufa. Dada wa mbele hapa alikuwa na swali tangu nilipotaja delay. Karibu.