Wiki ya 14

Asanteni kwa kunipa saa yenu ya chakula. Nianze na hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, yaani wiki 13 hivi. Kitabu cha kliniki kinataka mtoto achanjwe wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hiyo ya 14 inamkuta mama wapi? Kazini, siku zake za kwanza, akitafuta maneno ya kumwomba bosi ruhusa. (Naona mnacheka.) Mwenye kibanda Gikomba hana hata likizo ya kuhesabu, hurudi sokoni na mtoto mgongoni.

Mimi ni muuguzi, na nilipopata wangu wa kwanza nilidhani najua kila kitu. Niliporudi kazini, kufikia saa nne asubuhi maziwa yalikuwa yamepita leso, yamepita blauzi. Nilikamua chooni, nimesimama, kisha nikayamwaga kwenye sinki kwa kuwa friji haikuwapo. Nikalia, nikanawa uso, nikarudi chumbani kuita, "Anayefuata!" Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha, ilikuwa haijaandikwa. Leo ipo. Hapa kwenu hicho chumba kiko wapi?

Basi wiki ya 14 nikampeleka mwanangu. Akapimwa uzani, nukta ikatiwa kwenye mchoro, ikawa imepanda. "Hongera mama, anakua!" Nami nilikuwa silali hata yeye akilala, na chakula kinywani kilikuwa kama mchanga. Hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Machozi ya siku za kwanza huwapata wengi, na huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, huo ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea hupata matatizo ya akili karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua. Tangu 1987 kuna maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh ya kumpima mama. La mwisho huuliza kama amewaza kujidhuru. Hayamalizi dakika 10.

Siku hizi nikishampima mtoto, namgeukia mama. Wengi husema, "Niko sawa, sista." Nauliza tena, "Mtoto akilala, wewe unalala?" Akinyamaza, namwomba anayefuata asubiri kidogo, nafunga mlango.